Kichwani Pawili

Bonifasia wa marehemu Erasmo, wa Mkumbi, alianza kubeba mzigo kabla meno yake ya utotoni hayajaisha kung'oka. Siku zile barabara ya magari ilikuwa habari ya mjini. Mahindi na maharage ya mlimani yalishuka ziwani juu ya vichwa vya wanawake, na dagaa wa ziwani wakapanda mlimani juu ya vichwa hivyohivyo, na wabebaji wakilala njiani kwenye kibanda cha nyasi, wamebanana kama magunzi kwenye gunia. Mama yake alimsokotea ngata, akamtwika kikapu, akamwambia, "Ukitaka kulia, lia huku unatembea." Bonifasia hakulia. Hilo analisema mpaka leo, na asiyetaka kulisikia ahame kijiji.

Wabebaji wale walikuwa na maneno yao. Mahali mnapoinua mizigo na kutwikana paliitwa Kichwani, na mahali mnapoishusha paliitwa Matuo. Kwa watu wa Mkumbi, Kichwani ni kwenye uwanda mdogo ukingoni mwa mlima, chini ya mashamba ya mwisho ya ngoro, yale ya vishimo vya kuzuia maji, ambapo ukisimama siku isiyo na ukungu unaliona ziwa chini kule linang'aa. Kwa watu wa Mbaha ni kinyume. Kichwani kwao ni kwenye mawe bapa kando ya kijito, nyuma ya vichanja vya kuanikia dagaa, kwa kuwa ndipo wao walipotwikana samaki wa kupandisha. Kichwani kwa hawa ni Matuo kwa wale. Zamani hakuna aliyepotea kwa ajili hiyo, maana aliyesema neno hilo alikuwa amesimama mbele yako, na ungeona mwenyewe ameelekea wapi.

Baadaye barabara ikaja, na njia ile ikaachiwa wapasua mbao na warina asali. Majani yakaifunga. Wanawake wa rika la Bonifasia wakafa mmoja mmoja, na waliobaki wakawa wanakumbuka maumivu ya shingo tu. Yeye peke yake ndiye aliyekuwa bado anaweza kukutajia kila kivuko, kila kona yenye utelezi, na jiwe lipi ukilikalia linakupa baridi ya kiuno.

Mwaka juzi, mwezi wa Machi, alihitaji kuyajua yote hayo tena.

Jacqueline, kitinda mimba wake, alikuwa ameolewa Mbaha na Joakim, mwanamume wa ziwani mwenye boti za injini na fuso la kupeleka dagaa Songea. Alipokuja kuposa alikuwa na adabu ya kumwagika. Akikutana na Bonifasia njiani aliruka kando, akasimama majanini na kuinamisha uso mpaka mama mkwe apite, kama desturi inavyotaka. Watu walisema, "Bonifasia, mkwe umepata." Naye akavimba kichwa.

Mwaka wa kwanza Jacqueline alikuja kusalimia nyumbani na jino moja halipo. Alisema ameanguka kwenye boti. Mwaka uliofuata mimba ilitoka. Alisema ni kubeba maji. Mara ya tatu hakutaja boti wala maji. Alishusha kitenge mgongoni, akamgeukia mama yake ili aone, akajifunika tena, akaomba maji ya kunywa.

Alikuwa ameshatoroka kwa gari zaidi ya mara moja. Kwanza alishushwa Lituhi, maana pale hakuna utingo asiyemjua Joakim. Safari nyingine alifanikiwa kufika Kitai. Alikuwa amekaa kwenye kibanda cha chai akisubiri basi la Mbinga, karibu kabisa na nyumbani, ndipo dereva wa fuso la mumewe akamwona. Joakim alifika kwa pikipiki, akawaambia abiria kwa sauti ya huruma kwamba mke wake ana ugonjwa wa akili na ameacha dawa. Abiria wakamsaidia kumpandisha. Mama mmoja hata alimpa Jacqueline chungwa.

Sasa habari zikaja kuwa baada ya Pasaka Joakim atamhamishia ng'ambo, upande wa Msumbiji, kwenye kambi ya uvuvi. Huko hakuna zahanati, hakuna simu, hakuna mtu wa Mkumbi aliyewahi kukanyaga. Bonifasia alielewa kwamba mtoto wake akivushwa, hatamwona tena akiwa hai.

Akaenda kwenye sengu, pale wanaume wa ukoo wanapokula pamoja jioni na kuamua mambo. Shemeji yake Mansuetus, kaka mkubwa wa marehemu Erasmo, ndiye aliyekuwa mkubwa wa pale.

"Mke wa mtu hachukuliwi kama kuku aliyepotea, shemeji," Mansuetus alisema. "Tutume watu wakazungumze."

"Mlituma watu mwaka jana. Wakala samaki mbasa mzima mzima, wakarudi wakisema Joakim mkarimu."

Mmoja wa waliotumwa alikohoa, akaanza kuchokonoa meno.

"Sasa unataka sengu ifanye nini?"

"Sijaja kutaka. Nimekuja kuaga. Nakwenda kumchukua, tunapanda naye kwa miguu."

"Kwa magoti yapi?"

"Hayahaya. Unayasikia yakilia nikipita kwako kwenda kanisani."

Wanaume wakacheka, na Mansuetus naye akacheka, kisha akaacha. Alimjua shemeji yake. Mtu aliyezika mume asubuhi na mchana akarudi shambani kwa sababu mvua ilikuwa imeshika, huyo humkatazi. Akamvutia kigoda.

"Keti basi. Utafikaje huko? Ukipitia Kitai na Lituhi, habari zako zitafika Mbaha kabla yako."

"Sipiti Kitai."

"Utapita wapi, utaruka?"

"Nashuka Mbinga, napanda basi la Mbamba Bay. Kutoka pale nakwenda Liuli, halafu naingia Mbaha kwa kusini, na madumu yangu na gunia, kama mama yeyote anayefuata dagaa. Nani atamtazama bibi kizee mwenye gunia?"

"Na Kwaresima hii watu wote wanatafuta dagaa," Mansuetus akasema polepole, na hapo Bonifasia akajua amemwelewa.

Wakapanga. Alhamisi Joakim hupeleka fuso Songea na hurudi Ijumaa jioni. Kwa hiyo Ijumaa asubuhi ndiyo siku. Bonifasia aanze safari Jumatano, alale njiani, Ijumaa mapema awe Mbaha. Wakishaonana, wapande papo hapo, walale kibandani, na Jumamosi Mansuetus na vijana wawapokee ukingoni mwa mlima. Ilikuwa safari iliyopangwa vizuri. Wanaume waliokuwa wakicheka wakaanza kutoa mawaidha kuhusu vivuko wasivyovijua, naye akawaacha waseme.

Kilichobaki ni kumwarifu Jacqueline. Huko Mbaha palikuwa na muuguzi wa zahanati, Mwanabibi, mtu wa Tanga aliyehamishiwa kule, ambaye alikuwa akimsafisha Jacqueline majeraha na kumpa simu yake kwa siri. Siku ya kusafishwa kidonda ilipofika, Bonifasia alipanda kwenye kichuguu nyuma ya parokia, ambako mtandao unashika, akapiga. Huko zahanati wifi yake Jacqueline alikuwa amekaa kwenye benchi nje ya mlango, na mlango haukufungika vizuri.

"Mama," Jacqueline alisema.

"Usijibu maneno mengi."

"Ndiyo."

"Ijumaa asubuhi. Kichwani."

"Kichwani?"

"Kichwani. Usibebe kitu chochote."

"Sawa, mama. Lakini magoti yako..."

"Magoti yangu yaache. Ijumaa."

Simu ikakatika. Bonifasia alishuka kichuguu akiwa amejiridhisha. Hakutaja Mbaha, hakutaja kijito wala mawe. Alitumia neno la wabebaji ambalo wifi mtu yule, hata angelisikia, asingejua la kufanya nalo. Na kwa kuwa aliongea na mtu aliye Mbaha kuhusu kukutana Mbaha, alisema Kichwani kwa maana ya watu wa Mbaha. Ndivyo mbebaji yeyote wa zamani angesema.

Jacqueline hakuwa mbebaji wa zamani. Alichosikia ni sauti ya mama yake, na tangu utoto wake Kichwani katika kinywa cha mama yake palikuwa mahali pamoja tu, ukingoni mwa mlima, chini ya ngoro za mwisho, nyumbani. Akaelewa kuwa mama amezeeka, hawezi kushuka, atamsubiri juu. Njia yote ataipanda peke yake. Ili awe juu Ijumaa asubuhi, ilimbidi aondoke Alhamisi, fuso likishaondoka tu.

Bonifasia aliondoka Jumatano kwa basi. Mbinga mjini alinunua chumvi, kwa sababu mfuata dagaa asiye na chumvi anatiliwa shaka. Barabara ya kushukia Mbamba Bay ilikuwa na ukungu, na mvua ilikuwa inanyesha mfululizo milimani. Alipotazama makorongo yaliyojaa maji ya rangi ya matofali alihesabu kichwani vivuko vyake, akaamua pale wanapovukia kwenye gogo watazunguka kwa juu. Yeye angekuwepo, angejua pa kuzungukia.

Alhamisi alilala Liuli barazani kwa wafanyabiashara wenzake, wanawake wa Songea wenye midomo.

"Bibi, wewe huna wajukuu wa kutuma?" mmoja alimuuliza.

"Ninao. Nikiwatuma dagaa, wananiletea vichwa tu."

Walicheka, wakampa sehemu ya mkeka. Alilala usingizi wa mtu aliyefika nusu ya kazi yake. Wakati huo mtoto wake alikuwa mlimani, peke yake, na giza limeshaingia.

Ijumaa aliingia Mbaha nyuma ya gari la mizigo, kilemba amekivuta mpaka kwenye nyusi. Alipita katikati ya vichanja, akaketi kwenye mawe bapa, gunia mapajani. Wasichana waliokuwa wakianika walimsalimu.

"Shikamoo bibi. Unamsubiri nani?"

"Marahaba. Nasubiri jua. Dagaa wenu wana maji, mnataka niwabebe na ziwa lenu pia?"

"Bibi ana maneno huyu!"

Jua lilitoka, likapanda. Jacqueline hakutokea. Bonifasia alijiambia amebanwa na kazi, kisha amebanwa na wifi, kisha akaacha kujiambia. Wasichana walikuwa wakinong'ona kuhusu bibi wa mlimani aliyekataa kununua, na mnong'ono ukafika zahanati. Mwanabibi akaja mwenyewe, sare yake nyeupe, anatembea haraka kama mtu anayetamani kukimbia.

"Shikamoo mama. Wewe ndiye mama Jacqueline?"

Bonifasia alimtazama, akaona hapa hapafai uongo. "Marahaba. Ni mimi."

"Mbona uko hapa?"

"Tumeahidiana Kichwani. Ndiyo hapa."

Mwanabibi alifunika mdomo kwa kiganja. "Mama, Jacqueline ameondoka jana alfajiri. Aliniambia unamsubiri Kichwani, juu, kwenu. Nilimpa mkate na koti langu la mvua. Na Joakim hakufika Songea. Dada yake alimpigia simu, akageuza, akapekua magari yote mpaka Lituhi. Leo kabla jua halijatoka amepanda na vijana."

Bonifasia alisimama, gunia na chumvi vikabaki juu ya mawe, akavuka kijito na kuanza kupanda. Mwanabibi alimwita, "Mama, subiri nikutafutie mtu wa kukusindikiza!" Hakugeuka.

Njia ilikuwa imefyekwa kwa mapanga ya waliotangulia, kwa hiyo hakuhitaji kumbukumbu yoyote. Hilo ndilo lililomuumiza zaidi ya magoti. Alipanda akishika miti, akashika majani, mahali pengine akatambaa. Neno lililokuwa mdomoni mwake lilikuwa hilo moja, Kichwani, akalirudia mpaka likapoteza maana.

Jua lilikuwa limeshapita utosini alipowasikia. Walikuwa wanateremka taratibu, wanaelekezana kwa sauti za watu waliobeba kitu kizito. Mbele alikuwa Joakim, nyuma yake vijana wanne na machela ya miti miwili iliyofungwa nyavu. Ndani ya nyavu alilala Jacqueline, na koti la mvua la Mwanabibi lililochanika.

Walikutana mahali njia ni nyembamba. Mkwe na mama mkwe wakakabiliana uso kwa uso, jambo ambalo halijawahi kutokea, na Joakim hakuruka majanini. Alisimama.

"Mama, tupishe," alisema. "Mwanao ameanguka kwenye gogo. Angekuwa nyumbani kwake haya yasingempata."

"Nikupishe mimi?" Bonifasia hakupaza sauti, pumzi hazikuwepo. "Nyie vijana, mnaona? Huyu anamwambia mama mkwe ampishe njia."

Vijana wakatazamana. Walikuwa watu wa Joakim, walikula kwake, na labda siku nyingine wangemsaidia kumfunga mwanamke kamba. Lakini jambo hili walifundishwa na mama zao kabla hawajajua kuogelea. Mkubwa wao aliinamisha uso. Mwingine akasema kwa sauti ya chini, "Kaka, toka njiani." Kisha wote wanne wakaiweka machela chini, wakakataa kuiinua mpaka atoke.

Joakim akatoka njiani. Aliingia majanini mpaka magotini, akageuza uso, taya zinamcheza.

Bonifasia alipiga magoti penye nyavu.

"Niliona moshi," Jacqueline alisema. Midomo yake ilikuwa ya kijivu. "Nikasema, mama huyo, anachemsha chai. Nikaanza kukimbia." Moshi ulikuwa wa wapasua mbao, ndio waliomtoa chini ya kivuko asubuhi. "Mama, mbona miguu yangu siisikii?"

"Ni baridi," Bonifasia alimwambia. Alishika mti wa machela upande wa kichwa, na hakuuachia mpaka zahanati.

Mwanabibi aligusa nyayo za Jacqueline kwa sindano, akamtazama usoni, akaenda nje kupiga simu. Gari la wagonjwa lilikuja. Lilipita Lituhi mchana kweupe, likapita Kitai mbele ya vibanda vya chai, na hakuna aliyelisimamisha. Hospitalini huko juu daktari alimweleza Bonifasia kwamba uti wa mgongo umevunjika; binti ataishi, lakini kutembea asahau. Alimwuliza kama ameelewa. Alijibu kuwa Kiswahili anakijua, alisoma mpaka darasa la saba.

Siku moja, mama yake akimlisha uji, Jacqueline alisema, "Mbona ulisema Kichwani?"

"Nilikuwa nasema na wewe uliye Mbaha."

"Mimi nilikuwa namsikia mama aliye nyumbani."

Bonifasia alichota kijiko kingine, akapuliza, akampa.

Pasaka ilipopita, wazee wa Joakim walikuja Mkumbi. Mansuetus aliwapokea uani kwa Bonifasia, kwa kuwa mwenyewe alikataa kutoka kwenda sengu. Walikunywa maji, wakasifu kahawa ilivyoshika, wakazunguka mbali. Mwishowe msemaji wao akasema kwa unyenyekevu kwamba hawana ugomvi na mtu. Kijana wao ameumia moyo sana, lakini nyumba inahitaji mwanamke wa kuchota maji na kuwasha moto. Kwa hiyo, kwa heshima zote, wanamwacha binti mikononi mwa wazazi wake.

Mansuetus alitazama vidole vya miguu yake.

"Sema kwa sauti," Bonifasia alisema. "Mwenyewe yumo chumba hicho. Masikio hayakuvunjika."

"Mama, tumekwisha sema."

"Mmeniambia mimi. Mimi sikuolewa na mwanenu."

Mzee akakohoa, akarudia, safari hii amegeukia dirishani, na maneno yaleyale yalipotoka kwa sauti kubwa yalimshinda katikati, akayamalizia kwa haraka. Hata wenyeji hawakujua wamtazame nani. Alichokipigania Bonifasia kwa magari kadhaa na mlima mmoja, kumtoa binti kwa Joakim, binti alikuwa amekipata, na waliokileta walikuwa wamekaa pale wakisubiri kuambiwa asante.

"Mama," sauti ya Jacqueline ikatoka ndani, haina machozi wala hasira. "Njoo unigeuze. Ubavu huu umechoka."

Bonifasia akainuka kwa kushika ukuta, akawaacha wazee kwenye viti vyao, akaingia ndani.